Simu Ambayo Beijing Haikupiga: Kisa cha Kipindi cha Redio Kuhusu Hong Kong Mkoani Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea mwaka 2021 katika redio moja ya jamii mkoani Dodoma. Nimekiandika kwa ajili ya wahariri na watangazaji wa redio za mikoani, baada ya wahusika kukubali kunisimulia, kwanza kila mtu peke yake, kisha wote mezani kwa pamoja. Jina la redio, wilaya, majina ya watu na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Watu nawaita kwa kazi zao: Meneja, Mhariri, Mtangazaji, Mdhamini, Wakala na Mwenyekiti wa bodi.

Kilichonivuta ni swali moja. Redio ndogo inayosikika vijiji kadhaa vya katikati ya Tanzania ilifuta kipindi kuhusu gazeti lililofungwa Hong Kong, na katika safari yote ya uamuzi ule hakuna Mchina hata mmoja aliyesema neno. Ilikuwaje?

Mazingira ya redio

Redio ina wafanyakazi wasiozidi kumi, wengi wao wa kujitolea wanaolipwa posho. Wasikilizaji wake ni wakulima wa alizeti, uwele na zabibu, wafugaji, walimu, watumishi wa halmashauri na wanafunzi. Asubuhi inafunguliwa kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, jioni kuna salamu na bongo fleva, na Jumamosi saa mbili usiku kipo kipindi cha saa moja kinachochambua jambo moja kubwa la wiki, la ndani au la nje.

Fedha zinatoka kwenye matangazo ya vifo, mikutano ya halmashauri, salamu za harusi, na wadhamini wachache. Mkubwa kati yao ni Mdhamini wa kisa hiki, Mtanzania anayeuza pampu za visima na paneli za sola. Mzigo wake unatoka kiwandani China kupitia kwa Wakala aliyeko Dar es Salaam. Katika mkoa wenye ukame kama huu, pampu ni biashara inayokwenda mwaka mzima. Udhamini wake ndio uliokuwa ukinunua umeme wa luku, mafuta ya jenereta na sehemu ya posho za watangazaji. Mkataba wao ulikuwa ukurasa mmoja: kiasi cha fedha, idadi ya matangazo kwa siku, sahihi mbili na mhuri. Juu ya maudhui ya vipindi haukusema lolote.

Kilichokuwa kinasimuliwa

Watanzania wengi walilisikia jina la Hong Kong kupitia habari za vijana wetu waliokamatwa huko na dawa za kulevya, na barua za wafungwa zilizoletwa nyumbani na padri John Wotherspoon kuwaonya wengine. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou wanaijua kama mlango wa kupitia. Kwamba ni mji wenye historia yake ya kudai kura, wachache wanajua, na hapo ndipo Mtangazaji alipoona pana kipindi.

Uingereza na China zilitia saini tamko la pamoja mwaka 1984, na tarehe 1 Julai 1997 Hong Kong ikarudi China kwa ahadi ya nchi moja, mifumo miwili, kwa miaka 50. Wakazi wangebaki na mahakama zao, magazeti yao na uhuru wa kuandamana, mambo ambayo China Bara hayapo. Kuhusu nani anaruhusiwa kugombea uongozi wa juu, mvutano haukuisha. Mwaka 2014 vijana walikalia barabara za katikati ya mji kwa siku 79, wakijikinga na gesi ya machozi kwa miamvuli.

Mwaka 2019 serikali ya mji, chini ya Carrie Lam, ilileta muswada ambao ungeruhusu watuhumiwa kupelekwa China Bara kushtakiwa huko. Tarehe 16 Juni umati ulijaza barabara. Waandaaji walisema watu walikaribia milioni mbili, polisi wakasema walipozidi sana walikuwa 338,000. Muswada uliondolewa, lakini kwa kuchelewa, na madai yalikuwa yameshapanuka: uchunguzi huru wa mwenendo wa polisi, kuachiwa kwa waliokamatwa, kura kwa wote. Zilikuwapo ghasia pia, bungeni Julai na vyuoni Novemba. Katikati ya yote hayo, uchaguzi wa madiwani wa tarehe 24 Novemba ulijitokezewa na zaidi ya asilimia 70 ya waliojiandikisha, na wagombea wa upande wa demokrasia wakashika mabaraza 17 kati ya 18.

Jibu la Beijing lilikuja usiku wa tarehe 30 Juni 2020: Sheria ya Usalama wa Taifa, iliyotungwa Beijing bila kupita katika bunge la Hong Kong. Tarehe 17 Juni 2021 mamia ya polisi waliingia ofisi za gazeti la Apple Daily, ambalo mwanzilishi wake, Jimmy Lai, tayari alikuwa gerezani. Wakuu wa gazeti walikamatwa na mali zikazuiwa. Toleo la mwisho lilitoka tarehe 24 Juni, nakala milioni moja zilichapwa, na watu wakapanga foleni tangu usiku kununua.

Mtangazaji alileta wazo hilo kwenye kikao cha Jumatatu. "Dada, hawa ni waandishi kama sisi," alimwambia Mhariri. "Gazeti lao limekufa kwa wiki moja." Mhariri alikubali papo hapo.

Mambo yalivyokwenda

Jumatano promo ilianza kuruka. Niliisikiliza baadaye, na naiandika kama ilivyo kwa sababu ina sehemu yake katika kisa: mlio wa radi, ngoma, kisha sauti nzito, "Joka lameza mji! Jumamosi hii saa mbili usiku, sikia China ilivyoliua gazeti lililothubutu kusema ukweli." Radi tena. Kisha, kwa mpangilio wa kawaida wa matangazo, likafuata tangazo la pampu.

Kijana wa mauzo wa Mdhamini aliisikia akiwa kwenye bajaji. Alifika dukani akamwambia msaidizi wa bosi kwamba redio yao "inawatukana Wachina". Msaidizi akampigia Mdhamini. Mdhamini hakuwa ameisikia promo, lakini alimpigia Wakala Dar es Salaam kuuliza kama kuna shida. Wakala alijibu kwamba ingekuwa ni yeye asingejiingiza. Hapo Mdhamini akampigia Meneja.

Meneja alinisimulia mazungumzo yale kwa utulivu, kama mtu aliyeyarudia mengi kichwani. "Mama, mimi sina ugomvi na nyinyi," Mdhamini alimwambia. "Lakini mzigo wangu unatoka kule. Wakiniuliza nadhamini kitu gani, nitawajibu nini?" Hakutishia kuondoa fedha. Hakusema kipindi kifutwe. Meneja akamjibu, "Nimekusikia, mzee wangu, niachie mimi."

Meneja alimpigia Mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti ni mtumishi mstaafu anayeheshimika, na mtoto wa dada yake alikuwa anasoma udaktari China kwa ufadhili. Alisema redio ya jamii isiingilie mambo ya ndani ya nchi rafiki, akakumbusha reli ya TAZARA. Ijumaa asubuhi Meneja aliagiza kipindi kiondolewe. Fundi mitambo alipopokea maagizo yale na kuuliza sababu, aliambiwa na mwenzake kwamba ubalozi umelalamika. Saa sita mchana chumba kizima cha habari kiliamini hivyo.

Jumamosi saa mbili usiku ilirushwa marudio ya kipindi cha mbegu za alizeti. Hakuna maelezo yaliyotolewa hewani. Meseji zikaja kuuliza lile joka limekwenda wapi. Hazikujibiwa.

Maamuzi na sababu zake

Mtangazaji aliumia. Usiku ule alitaka kuweka kipindi kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Mhariri alimzuia, na sababu zake zilikuwa nzito. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilimtaka anayetoa huduma ya maudhui mtandaoni awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na binti wa miaka ishirini na kitu angebaki peke yake na kosa hilo. Zaidi ya hapo, kikitoka kupitia mlango wa nyuma, redio isingelazimika tena kujiuliza ilifuta kwa nini.

Badala yake Mhariri aliomba siku kumi. Alimwambia Meneja hatabishana juu ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Anachotaka ni kujua ulitoka wapi. Akachukua daftari, akaanza na fundi mitambo. Wewe nani alikuambia? Na wewe? Alipanda ngazi ile hatua kwa hatua, hadi Dar es Salaam. Wakala alimweleza waziwazi kwamba hakuwa amezungumza na kiwanda kabisa. Watu wa kiwandani huuliza oda na malipo, na jina la redio hiyo hawajawahi kulisikia. Habari ya ubalozi ilizaliwa kati ya studio na jiko la chai.

Hatua ya pili ilikuwa kwenda kwa Mdhamini ana kwa ana, na skripti mkononi. Alimkuta dukani kati ya maboksi ya pampu. Mdhamini alivaa miwani, akasoma kurasa zote nne bila kuongea, kalamu mkononi. Alipiga mistari mahali pawili tu. Pa kwanza palikuwa sentensi ya joka, iliyonakiliwa pia kwenye skripti. "Haya ya magazeti sina neno nayo," alisema. "Hili la joka silitaki. Kule nina watu nakula nao meza moja." Pa pili palikuwa idadi ya waandamanaji, iliyoandikwa milioni mbili bila maelezo. Aliuliza nani aliyewahesabu. Mhariri alirudi ofisini akaongeza hesabu ya polisi kando ya ile ya waandaaji, na kipindi kikawa bora kuliko kilivyokuwa.

Kwa Mwenyekiti alikwenda na Katiba. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na Mhariri alimwomba mzee aisome mwenyewe kwa sauti. Kisha akamuuliza ni lini Tanzania ilikubali kwamba rafiki akishatusaidia, habari zake hazisemwi. Mwenyekiti hakuwa na haraka ya kukubali. Alichotaka ni kwamba kipindi kieleze pia mema ya China kwa Tanzania, na kwamba kijana asomaye huko asije akaulizwa. Mhariri alikubali la kwanza, na kwa la pili akamwahidi kwamba hakuna jina la mtu yeyote wa bodi litakalotajwa.

Ulikuwapo uamuzi wa nne, na naona ndio ulikuwa makini kuliko yote. Kipindi cha awali kilikuwa na sauti ya kijana wa Hong Kong aliyekuwa anasoma nchi nyingine, ambaye Mtangazaji alimfahamu kupitia mafunzo ya mtandaoni. Kijana alikubali sauti yake itumike. Mhariri aliikataa. Ibara ya 38 ya Sheria ya Usalama wa Taifa inasema sheria ile inamhusu hata asiye mkazi wa Hong Kong, kwa tendo lililofanyika nje ya Hong Kong. Wazazi wa kijana wapo kule. Rekodi ya redio ikishatoka hairudi, na hata redio ndogo husikika mbali mtu akiirekodi kwa simu. Maneno yake yalitafsiriwa na kusomwa na mwingine, bila jina, bila chuo, bila nchi.

Matokeo

Kipindi kilirushwa wiki mbili baada ya tarehe yake ya kwanza, kwa dakika 40 badala ya saa nzima. Mwanzoni ilitangazwa kwamba kipindi hicho hakina mdhamini. Mwalimu wa historia alieleza mkataba wa 1984 na kurejeshwa kwa mji. Mfanyabiashara aliyewahi kuishi Guangzhou alisema anavyouona utaratibu wa China, ambao yeye anausifu, na kwa nini angependa nchi yetu ijenge kwa kasi ile. Maneno ya kijana yakasomwa. Simu za wasikilizaji hazikufunguliwa, kwa uamuzi wa Meneja, ambaye alihofia mtu kusema lolote hewani.

Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Mdhamini alibaki hadi mkataba ulipokwisha, kisha akaendelea kwa nusu ya kiasi cha awali, akisema biashara imekuwa ngumu. Kijana wa Mwenyekiti anaendelea na masomo. Mtangazaji hakuleta tena wazo la habari ya nje hadi mwaka ulipokwisha. Alifanya salamu, alifanya kilimo, alifanya vizuri. Katika vikao vya Jumatatu alikaa kimya.

Uchambuzi

*Amri haikutoka popote.* Hili ndilo la kujifunza kabla ya mengine yote. Kila aliyekuwa kwenye mnyororo ule alikisia jinsi aliye juu yake atakavyokasirika, akachukua hatua kabla ya kuambiwa. Kijana wa mauzo alikisia hasira ya bosi, bosi akakisia hasira ya kiwanda, Meneja akakisia fedha kuondoka, Mwenyekiti akakisia ufadhili wa mpwa wake. Wote ni Watanzania, wote ni watu wema, na kila mmoja alikuwa na kitu halali cha kulinda. Dola kubwa haikuhitaji kufanya chochote Dodoma. Ilitosha kwamba mahali pengine ilishawahi kufanya.

Na kweli ilishafanya. Wapenzi wa kikapu wa hapa nyumbani wanaikumbuka Houston Rockets, timu aliyopitia Hasheem Thabeet wetu. Oktoba 2019 meneja mkuu wake, Daryl Morey, aliandika mtandaoni maneno machache ya kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong. Aliufuta ujumbe, lakini televisheni ya taifa ya China ilisimamisha kuonyesha mechi za maandalizi za ligi nzima, na wadhamini wa Kichina wakajitoa. Ligi tajiri kuliko zote za mchezo ule ilibabaika siku kadhaa ikitafuta la kusema. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: aliyeona yale, awe na kampuni ya mabilioni au duka la pampu, amejifunza kujipima kabla ya kusema. Adhabu ya mmoja inafanya kazi kwa maelfu wasioguswa, na inafanya kazi bure.

Ndiyo maana kupanda ngazi kwa daftari kulifaa kuliko hotuba yoyote ya uhuru wa habari. Hofu iliyokuwa inaitwa ubalozi ilibaki na sura ya mfanyabiashara mmoja anayeogopa kuaibika mbele ya watu anaofanya nao kazi. Kwa huyo unaweza kwenda, ukaketi, ukamwonyesha karatasi. Kwa ubalozi usiokuwapo huwezi kwenda.

*Shukrani ni ya kweli, nayo isidharauliwe.* Kwenye mafunzo nimewasikia waandishi vijana wakimcheka Mwenyekiti kwa kuitaja TAZARA. Siungani nao. Benki na serikali za Magharibi ziliikataa reli ile, China ikaijenga kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba. Wapo mafundi wao waliokufa na kuzikwa hapa nchini. Sisi nasi mwaka 1971, kupitia Salim Ahmed Salim, tulikuwa mstari wa mbele China irudishiwe kiti chake Umoja wa Mataifa. Udugu huo una mizizi, na msikilizaji wa Dodoma anaujua. Kipindi kinachoupuuza kitaonekana kimeletwa na watu wa nje.

Lakini historia hiyohiyo ina upande ambao Mhariri aliutumia vizuri. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mwaka huohuo akakubali kupoteza misaada ya Ujerumani Magharibi kuliko kuelekezwa uhusiano wake na Ujerumani Mashariki uweje. Misaada ile ilikuwa inahitajika sana. Nchi ilikuwa maskini kuliko redio yoyote ya jamii ilivyo leo. Kutofungamana na upande wowote kulimaanisha kwamba anayetusaidia hatuchagulii la kusema. Mwenyekiti, aliyekulia katika siasa hizo, hoja hii aliielewa haraka kuliko hoja ya haki za binadamu.

*Kwa nini redio ya kijijini ijisumbue na Hong Kong?* Swali hili huulizwa kila ninapofundisha kisa hiki, kwa kawaida na mameneja. Maji, barabara na bei ya alizeti havitoshi? Naamini havitoshi, kwa sababu nguvu tunayoizungumzia tunaishi nayo nyumbani. Tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake iliingia sebuleni mwetu kwa Kiswahili mwaka 2011. Redio China Kimataifa imetangaza kwa lugha yetu tangu 1961. Kibaha kimejengwa chuo cha uongozi cha vyama sita vya ukombozi kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China. Siku ile ile sheria ya Hong Kong ilipopitishwa, Juni 2020, nchi 53 zilisimama na China kwenye Baraza la Haki za Binadamu Geneva kuiunga mkono, zikiwemo jirani zetu Burundi, Msumbiji na Zambia, wakati waliopinga walikuwa 27. Mtu anayekaa na mkubwa wa namna hii ana haki ya kujua anavyowatendea walio mikononi mwake, kama alivyo na haki ya kujua reli aliyotujengea. Na haki hii inahusu wakubwa wote. Redio nyingi za mikoani zilikuwa zikirusha vipindi vya DW ya Ujerumani au VOA ya Marekani bila kuuliza nani analipa.

*Promo ilikuwa mbaya.* Joka, radi na neno "kuliua" viliwaondoa watu wa Hong Kong kwenye habari yao wenyewe na kuweka mahali pao taifa zima la watu zaidi ya bilioni moja. Mdhamini alikuwa sahihi kuipinga. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaodhani kila pingamizi la mwenye fedha ni uonevu. La joka lilihusu haki kwa Wachina wa kawaida, na la idadi lilihusu ukweli. Mhariri aliyatenganisha na hofu iliyoyaleta, na hapo ndipo ninapomuona mhariri hasa. Kuweka tangazo la pampu mara baada ya promo ile nako kulikuwa uzembe wa mpangilio ambao fundi yeyote angeuzuia kama angeambiwa aangalie.

*Ukimya wa Jumamosi ile uliumiza kuliko kufuta kwenyewe.* Sentensi moja ingetosha: kipindi kimeahirishwa, kitakuja. Msikilizaji aliyeachwa bila jibu alijijibu mwenyewe, na majibu yaliyozunguka vijiweni yalikuwa ya kutisha kuliko ukweli. Redio ilijenga yenyewe picha ya mkono mrefu uliofika hadi studio.

*Simu zilifungwa, na hapa ndipo panaponiuma.* Hofu ya Meneja hewani haikuwa juu ya China. Kati ya meseji zilizoingia wakati kipindi kinaendelea, moja kutoka Kongwa iliuliza kwa maneno machache: na magazeti yetu yaliyofungiwa je? Haikusomwa. Wakati ule magazeti ya MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yalikuwa bado kifungoni, na yaliachiwa Februari 2022. Msikilizaji yule alikuwa ameelewa kipindi kuliko walioandaa. Kama waandishi wa Hong Kong ni waandishi kama sisi, swali lake lilikuwa mwendelezo wa kawaida kabisa, na redio iliyoshinda woga wa mbali ilinyamaza mbele ya woga wa jirani. Najua hatari zake, najua leseni inavyotafutwa na inavyopotea. Hata hivyo meseji ile ingeweza kusomwa kama ilivyo, bila kuongezewa neno, na kuachiwa wasikilizaji.

*Mtangazaji.* Vikao vilijadili Mdhamini, bodi, sheria na Katiba. Hakuna aliyekaa na binti aliyeleta wazo na kumwambia kwamba lilikuwa wazo zuri. Mhariri alimlinda asijiingize matatani, alilinda sauti ya kijana wa Hong Kong, akarudisha kipindi hewani, na katika kazi zote hizo alimchukulia kama mtu ambaye ataelewa tu. Redio ikitaka kujua kama imepona, isihesabu vipindi vilivyorushwa. Isikilize nani anazungumza kwenye kikao cha Jumatatu.

Hali ilivyo sasa redioni

Sera ya uhariri imeandikwa, ukurasa mmoja, na imebandikwa mlangoni mwa studio. Agizo la kuondoa kipindi lazima liandikwe, likiwa na jina la aliyelitoa na jina la aliyemwambia, hadi mtu wa mwisho. Promo inasomwa na mhariri kabla ya kurekodiwa. Kipindi kikiahirishwa, wasikilizaji wanaambiwa saa ile ile.

Mkataba wa udhamini sasa una kifungu kinachosema mdhamini anaweza kuomba jina lake liondolewe kwenye kipindi chochote kwa taarifa ya siku moja, bila kutoa sababu na bila kurudishiwa fedha, na kwamba maudhui ni ya redio. Wadhamini wawili wadogo walisaini siku hiyohiyo. Mdhamini wa pampu alikichukua kifungu kile nyumbani, akakaa nacho wiki nzima, akarudi na kusaini baada ya kuomba siku moja iwe siku mbili. Alikubaliwa.